Injini ya tustroki ikifa: kutoka dalili hadi chanzo, kabla na baada ya ovaholi

Pistoni haikwanguki bila sababu. Kuna hewa iliyopenya mahali, oili iliyokosekana, maji yaliyovuja, vumbi lililopita filta au jeti (tundu dogo la kupimia petroli ndani ya kabureta) iliyokuwa ndogo. Ukibadilisha pistoni na ringi ukaacha chanzo, pistoni mpya itakwanguka vilevile, mara nyingi ndani ya saa chache za kwanza. Ndiyo maana hapa tunaanza na dalili na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Ovaholi yenyewe, yaani kufungua injini na kubadilisha vilivyochoka, inaingia pale dalili inapoidai.

Injini inayozungumziwa ni ya mipigo miwili, silinda moja, yenye kabureta na inayopozwa kwa maji, cc 125 hadi 300, kama zilizomo kwenye pikipiki za motokrosi na enduro. Inayopozwa kwa hewa ni vivyo hivyo, ukiondoa habari za maji. Vipimo vilivyotajwa ni vya kawaida kwa injini za aina hii. Kitabu cha injini yako kikisema tofauti, kifuate hicho.

Tazama kabla hujaosha

Kosa linalopoteza fedha nyingi ni kufungua injini, kuosha kila kipande mpaka king'ae, kisha kuanza kujiuliza nini kilitokea. Ushahidi wote umekwenda na petroli ya kuoshea.

Anza na plagi. Kaure yenye rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeupe iliyokauka ni joto lililopita kiasi, na kama juu yake kuna vitone vidogo vinavyong'aa, hivyo ni alumini ya pistoni inayoyeyuka: usiwashe tena injini hiyo hata kwa dakika moja. Nyeusi iliyolowa yenye harufu ya petroli inaashiria petroli inazidi au cheche ni dhaifu. Nyeusi iliyolowa oili nzito, yenye harufu ya giaboksi, shuku sili ya krenki upande wa klachi.

Kisha mwaga oili ya giaboksi kwenye chombo kisafi na uipime. Injini nyingi za aina hii hubeba kati ya ml 600 na 900. Kama uliweka ml 750 na sasa zimetoka 500, wala hakuna tone lililoanguka chini, oili hiyo imechomwa ndani ya silinda. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na mshukiwa wa kwanza ni sili ya shafti ya pampu ya maji. Ikinuka petroli, sili ya krenki imepitisha mchanganyiko kwenda giaboksi. Unga mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ya boliti ya kumwagia si tatizo; vipande vyenye kingo kali ni jino la gia au beringi.

Ingiza kidole ndani ya mpira unaotoka boksi la hewa kwenda kabureta. Kikitoka na vumbi, hata kidogo, filta ilikuwa inapitisha uchafu, na huenda hapo ndipo hadithi yote ilipo. Filta ya sponji isiyopakwa oili yake, au isiyokaa sawa kwenye ukingo wake, humaliza ringi haraka kuliko kitu kingine chochote.

Mwisho angalia petroli iliyomo tangini na ujiulize ilichanganywa vipi. Kwa uwiano wa 32:1, lita 5 za petroli zinahitaji ml 156 za oili ya tustroki. Kwa 40:1 ni ml 125, na kwa 50:1 ni ml 100. Tumia chupa yenye mistari ya kipimo. Kukadiria kwa kifuniko ni kamari. Na kuna jambo linalowachanganya wengi: kuongeza oili hupunguza petroli inayopita kwenye jeti ileile, hivyo mchanganyiko wa petroli na hewa unakuwa mwepesi kidogo. Anayetoka 50:1 kwenda 32:1 kwa nia ya kulinda injini anapaswa kuangalia upya ukubwa wa jeti.

Inawaka kwa shida, nguvu imepungua, kiki imekuwa nyepesi

Hizi ni dalili za kompresheni iliyoshuka. Pima. Injini iwe ya moto, funga geji badala ya plagi, fungua aksileta yote, kisha piga kiki mpaka mshale usimame. Aksileta iliyofungwa inatoa namba ya uongo, kwa sababu silinda haipati hewa ya kugandamiza. Injini nyingi zenye afya hutoa psi 150 na zaidi. Ikishuka kuelekea psi 120, panga ovaholi ya juu, yaani ya pistoni, ringi na silinda. Mahali palipo juu sana kutoka usawa wa bahari namba hushuka kwa kawaida, na geji mbili tofauti hazitakubaliana. Kipimo chenye maana zaidi ni kile ulichochukua kwa geji hiyohiyo injini ilipokuwa mpya, ukakiandika mahali.

Ikiwa namba ni ndogo, mimina kama ml 5 za oili kupitia tundu la plagi, zungusha injini taratibu, pima tena. Ikipanda wazi, ringi au ukuta wa silinda umechoka. Isipopanda, tazama oringi au gasketi ya silinda hedi. Usisahau vali ya eksozi, ile inayopandisha na kushusha mlango wa eksozi: ikikwama ikiwa wazi, mgandamizo unaanza kwa kuchelewa na geji itasoma chini ingawa ringi ni nzima.

Muda wa kubadilisha pistoni hutegemea matumizi. 125 inayoshindanishwa inaweza kuhitaji pistoni kila baada ya saa 15 hadi 20 za kukimbia. 250 au 300 ya safari za porini huenda mara kadhaa ya hapo. Kipimo cha saa za kukimbia kilichofungwa kwenye pikipiki kinajilipa chenyewe.

Jaribio la upepo

Kama kuna kazi moja ambayo haifai kurukwa, ni hii. Injini ya tustroki hutumia chumba cha krenki kama pampu: mchanganyiko huvutwa humo pistoni ikipanda, husukumwa juu ikishuka. Chumba hicho kikivuja, kinavuta hewa ambayo haikupita kwenye kabureta, mchanganyiko unakuwa mwepesi, oili inayofika inapungua na joto linapanda.

Dalili ya kwanza ya uvujaji ni mzunguko unaoning'inia: unaachia aksileta, injini inakaa juu sekunde kadhaa ndipo inashuka. Nyingine ni mzunguko wa chini usiotulia, leo uko juu, kesho chini, na skrubu ya hewa haibadilishi kitu. Ikifikia hatua ya injini kukimbia yenyewe, usitegemee kufunga petroli, maana petroli inapoisha kwenye kabureta mchanganyiko unazidi kuwa mwepesi na injini inapanda zaidi kabla ya kuzima. Ingiza gia ya juu, shika breki zote mbili, achia klachi mpaka izime.

Kufanya jaribio lenyewe: toa eksozi na kabureta. Ziba mlango wa eksozi kwa kizibo cha mpira, au kipande cha mpira chini ya bati lililofungwa kwa boliti. Ziba mpira wa kabureta kwa kizibo chenye valvu ndogo ya kuingizia upepo na geji inayosoma kwa usahihi chini ya psi 15. Shusha pistoni hadi chini kabisa ili silinda na chumba cha krenki viwe chumba kimoja. Pampu ya baiskeli inatosha. Jaza hadi psi 6, na usipite psi 10, kwani juu ya hapo unaweza kusukuma sili nje ya nyumba yake.

Injini nzima inashika psi 6 kwa dakika 6 ikipoteza kidogo sana. Kupoteza zaidi ya psi 1 kwa dakika ni kasoro ya kutafutwa. Itafute kwa maji ya sabuni:

- Povu kuzunguka shafti nyuma ya flaiwili: sili ya krenki ya upande wa kushoto. Lazima flaiwili itoke ili uione.
- Upepo unaotoka kwenye mpira wa kupumulia wa giaboksi: sili ya upande wa klachi, au gasketi ya katikati ya kesi (maganda mawili ya injini).
- Mapovu ndani ya radieta iliyo wazi: oringi ya silinda hedi, au hedi iliyopinda.
- Povu chini ya silinda: gasketi ya chini, mara nyingi kwa sababu uso haukusafishwa au nati zilifungwa upande mmoja kwanza.
- Povu kwenye mpira wa kabureta au pembeni mwa kesi ya ridi (vali ya ndimi nyembamba kati ya kabureta na injini): mpira uliopasuka. Upinde kwa mkono, maana ufa hujificha ukiwa umelala.
- Upepo kwenye kifuniko cha vali ya eksozi: oringi au sili ya shafti yake. Hii haileti mchanganyiko mwepesi kama sili ya krenki, lakini inachafua na kunyunyiza oili.

Baadhi ya sili hushika shinikizo la kusukuma lakini huachia zikivutwa. Kama una pampu ya kuvuta, rudia jaribio kwa kuvuta kiasi hichohicho. Fanya jaribio kabla ya kufungua injini iliyokwanguka, kisha baada ya kuifunga, kabla hujaiwasha. La pili ndilo watu hulipuuza, na ndilo linaloonyesha gasketi uliyoikunja mwenyewe.

Kusoma pistoni

Silinda ikishatoka, usifute pistoni. Itazame upande kwa upande.

Mikwaruzo mahali panne, kwenye pembe za sketi (ubavu wa chini wa pistoni) kati ya pini na nyuso za mbele na nyuma: pistoni ilitanuka haraka kuliko silinda. Injini ilikimbizwa ikiwa baridi, au nafasi kati ya pistoni na ukuta ilikuwa ndogo mno. Pistoni za kufuliwa (forged) hutanuka zaidi ya za kumiminwa (cast) na zinahitaji nafasi kubwa zaidi. Fundi aliyetumia kipimo cha aina moja kwa nyingine ataiona alama hii.

Mkwaruzo upande wa eksozi peke yake: upande huo ndio wenye joto kali, ndio huanza kupoteza oili. Mchanganyiko mwepesi, uvujaji wa hewa, jeti kuu ndogo, radieta iliyoziba. Ukikuta hivi, jaribio la upepo si la hiari.

Mistari ya kijivu iliyo wima, myembamba kama ya msasa, zaidi upande wa kuingizia: vumbi. Pima pia silinda, na chukulia kwamba beringi za krenki zimekula vumbi hilohilo.

Mikwaruzo pande zote, pistoni imekauka: oili haikuwemo au haikutosha. Mara nyingi sindano za beringi ya pini zimegeuka buluu.

Ukingo wa kichwa cha pistoni uliodonolewa kama na ncha ya msumari, na alama hizohizo kwenye hedi: mchanganyiko ulilipuka kwa kugonga. Petroli ya okteni ndogo, cheche inayotangulia mno, kompresheni iliyoongezwa, au mchanganyiko mwepesi. Kugonga huko ndiko huvunja ukuta mwembamba kati ya mifereji ya ringi. Tundu katikati ya kichwa ni jambo jingine: kuna kitu kilichowaka chenyewe kabla ya cheche, mara nyingi plagi yenye kiwango cha joto kisichofaa au kaboni inayobaki nyekundu.

Sehemu ya kichwa cha pistoni iliyo safi mno wakati kwingine kuna kaboni: maji yamekuwa yakivuja hapo na mvuke umeiosha. Linganisha na hedi, utaona oringi imeshindwa upande gani.

Geuza pistoni utazame chini ya kichwa. Kahawia ni sawa. Nyeusi ya oili iliyoungua ina maana kwamba pistoni imekuwa ikifanya kazi kwenye joto lililozidi, hata kama sketi bado ni nzuri.

Sketi yenye ufa upande wa kuingizia ni uchovu: pistoni imebaki ndani muda mrefu, nafasi imepanuka, inapigapiga ukuta. Kelele yake ni mtatariko unaosikika injini ikiwa baridi na kufifia ikipata moto.

Silinda: kuokoa au kupeleka kupakwa upya

Silinda nyingi za kisasa zina ukuta wa alumini uliopakwa Nikasil, utando mgumu sana ambao unene wake ni sehemu ya kumi ya milimita au chini ya hapo. Haichongwi kwa mashine kama slivu ya chuma. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, usikate tamaa kabla hujajua ni nini: mara nyingi ni alumini ya pistoni iliyoganda juu ya utando ulio mzima. Alumini hiyo huondolewa kwa asidi ya hidrokloriki iliyopakwa kwa kijiti cha pamba juu ya alama tu. Vaa glavu na miwani, fanya kazi nje, na usiruhusu asidi kugusa alumini tupu ya milango au nyuso za gasketi, kwa sababu italiwa. Ikiacha kutoa mapovu, suuza kwa maji mengi, kausha, paka oili mara moja. Ikiwa chini yake utando umebanduka na unaona alumini laini, silinda iende kupakwa upya. Hakuna njia ya mkato hapo.

Silinda iliyo nzima husuguliwa kwa padi ya nailoni ya kusafishia yenye sabuni, kwa mwendo wa kupishana, kuondoa utelezi tu. Slivu ya chuma ndiyo huchongwa kwa pistoni ya saizi inayofuata.

Pima kipenyo juu, katikati na chini, kila mahali kwa pande mbili zinazokatana. Tofauti kati ya juu na chini ikifika milimita 0.05, injini nyingi zimeshafika mwisho. Pistoni hupimwa karibu na mwisho wa sketi, kwa upande unaokata pini, kwenye urefu uliotajwa na mtengenezaji. Kwa pistoni ya kumiminwa nafasi ya kawaida ni milimita 0.04 hadi 0.07.

Mwanya wa ringi: ingiza ringi peke yake kwenye silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, mahali pasipo na mlango, kisha pima kwa filagegi (vibati vyembamba vya kupimia mianya). Kiwango cha chini ni takriban milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za kipenyo. Silinda ya milimita 54 inataka 0.22 au zaidi, ya 66.4 inataka 0.27 au zaidi. Mwanya mdogo mno, ncha zinagusana injini ikipata moto na ringi inachana ukuta. Piga tupa ncha kidogo kidogo, ukielekea ndani. Mwanya mkubwa hata kwa ringi mpya ni ushahidi dhidi ya silinda.

Kelele za chini: je, krenki itoke?

Hapa ndipo watu hudanganyana. Kufunga pistoni mpya juu ya krenki iliyochoka ni kuchelewesha gharama, tena kwa kuiongeza, kwa sababu vipande vya beringi ya chini husukumwa juu na mchanganyiko hadi kwenye silinda mpya.

Pandisha konrodi juu kabisa, ishike kwa vidole, vuta na sukuma wima bila kuizungusha. Uchezo wowote wa kwenda juu na chini una maana beringi ya chini imekwisha. Kuyumba kidogo kwa pembeni ni kawaida. Nafasi ya ubavuni hupimwa kwa filagegi na kulinganishwa na kitabu. Kisha shika flaiwili, itikise juu na chini. Ikicheza, beringi kuu zimekwenda, na sili mpya juu ya beringi hizo hazitadumu, maana shafti inayoyumba hula mdomo wa sili.

Kwa masikio: mgongano mzito unaozidi injini ikibeba mzigo ni beringi ya chini ya konrodi. Mlio mwembamba wa kengele-kengele ni beringi ya pini. Mvumo wa kusaga unaopanda pamoja na mzunguko ni beringi kuu.

Krenki iliyobadilishwa konrodi lazima inyooshwe. Iweke kwenye vishikio, pima ncha zote mbili kwa geji ya mshale (dial gauge). Mpotoko usizidi milimita 0.05, na 0.03 ni bora. Kazi hiyo inataka presi na mkono uliozoea. Kama huna, mpe mwenye navyo.

Kesi zitenganishwe kwa kifaa cha kuvutia. Bisibisi ikichokonolewa katikati ya nyuso huacha kovu litakalovuja milele. Wakati wa kurudisha, pasha kesi hadi kama nyuzi 100 za Selsiasi, weka beringi kwenye friza kwa saa kadhaa. Zitadondoka mahali pake bila nyundo. Sili mpya zipakwe grisi mdomoni, upande wenye springi utazame chumba cha krenki. Usizisukume ndani kupita kiasi: kwenye kesi nyingi kuna tundu dogo linalopeleka oili kwenye beringi kuu, na sili iliyozama hulifunika.

Kufunga sehemu ya juu

Mshale wa pistoni utazame eksozi. Ikigeuzwa, ncha za ringi huangukia mlango wa eksozi, hunasa, huvunjika. Herufi kwenye ringi itazame juu, na ncha zake zikumbatie kijipini kilichomo kwenye mfereji. Silinda ikigoma kushuka, usiilazimishe, kuna ringi iliyotoka kwenye kijipini chake.

Klipu za pini ni mpya kila mara, mdomo wake juu au chini kabisa, usilingane na pengo la kutolea. Ziba chumba cha krenki kwa kitambaa kabla ya kuzigusa, kwa sababu klipu moja inayoruka ndani inakulazimu kufungua injini yote. Kisha hesabu vitambaa vyako. Kitambaa kilichosahaulika kwenye mlango wa eksozi ni chanzo halali cha injini kutowaka.

Pima nafasi kati ya pistoni na hedi kwa waya laini wa solda wa milimita 2: ulaze pande mbili, juu ya mstari wa pini ili pistoni isiinuke upande, funga hedi, zungusha injini ipite juu, toa upime palipobanwa. Milimita 1.0 hadi 1.5 ni kawaida. Chini ya hapo badilisha gasketi ya chini kwa nene zaidi.

Nati za hedi zifungwe kwa kupishana, kwa hatua tatu. Za M8 nyingi huishia Nm 20 hadi 28. Kabla ya kufunika, fungua vali ya eksozi kwa mkono hadi mwisho, zungusha injini taratibu, hakikisha haigusi pistoni.

Imefungwa, sasa inaleta mambo

*Kesi zimekazwa na krenki imekuwa nzito kuzunguka.* Krenki haijakaa katikati. Gonga ncha yake mara moja kwa nyundo ya plastiki, upande mmoja kisha mwingine, mpaka iachie. Ikiwa gia ndizo zimekaza, kuna washa iliyobaki mezani au iliyoanguka ndani. Usiendelee kukaza boliti.

*Haiwaki, cheche zipo.* Kama inarudisha kiki kwa nguvu mguuni au inapiga mlipuko kwenye kabureta, toa flaiwili utazame kile kijichuma cha nusu mwezi kinachoishikilia kwenye shafti. Kikikatika, majira ya cheche yamehama. Ikiwa imefurika petroli: funga koki, toa plagi, fungua aksileta yote, piga kiki mara kumi, weka plagi kavu yenye mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.8.

*Inatema petroli nyuma ya kabureta, ngumu kuwaka.* Ndimi za ridi zimevunjika kingo au hazilali. Zishike kwenye mwanga. Mwanya mkubwa unaoonekana wazi si wa kuvumilia.

*Inakwenda vizuri chini lakini haipandi juu.* Vali ya eksozi imekwama ikiwa imefungwa, au sailensa imejaa oili. Ikiwa ni kinyume, dhaifu chini na hai juu, vali imekwama wazi.

*Inababaika mahali fulani pa aksileta.* Jeti ndogo na skrubu ya hewa hutawala hadi robo. Sindano kutoka robo hadi robo tatu. Jeti kuu kutoka hapo hadi mwisho. Kababaiko kazito kenye moshi ni petroli nyingi. Kukatika kukavu, kama imenyimwa, ni petroli kidogo. Skrubu ya hewa ikihitaji kufunguliwa zaidi ya mizunguko miwili na nusu, jeti ndogo ni kubwa mno; ikitaka chini ya mmoja, ni ndogo mno.

*Moshi mweupe mzito usiokoma.* Wenye harufu tamu na maji yakipungua: hedi. Wenye harufu ya oili na giaboksi ikipungua: sili ya upande wa klachi. Dakika chache za mwanzo usiogope, ni oili ya kufungia inayoungua.

Kuizoesha

Iwashe, iache ipate joto mpaka radieta iwe ya moto mkononi, zima, ipoe kabisa. Rudia mara tatu. Baada ya kupoa kwa mara ya mwisho pitia tena nati za hedi kwa spana ya toki na ujaze maji yaliyoshuka. Kisha endesha kama nusu saa bila kushikilia mzunguko mmoja, ukibana na kuachia aksileta; kuachia kunavuta oili juu ya pistoni, na shinikizo la kubana ndilo husukuma ringi zikae ukutani. Usiibembeleze mno pia: ringi zisizopata shinikizo hung'arisha ukuta bila kuuziba.

Toa plagi, itazame. Badilisha oili ya giaboksi, kwa kuwa hiyo ya kwanza imebeba uchafu wote wa mkusanyo. Pima kompresheni kwa geji yako, andika namba na saa iliyosomwa na kipimo cha saa kwenye karatasi, bandika ndani ya boksi la hewa.